Udongo wa Yared

Mimi mdomo wangu hauna kufuli, na siku tuliyomzika Cleopa nilikuwa na maneno ya kutosha kumfukuza Costancia kutoka Msowero mpaka Magole. Niliyapanga tangu alfajiri nikisugua masufuria. Cleopa, mtoto wa dada yangu Magreti, alikuwa askari, ameuawa mpakani na wale wapiganaji wa Msumbiji. Costancia ni mama yake Yared, na Yared ni mmoja wa hao wa Msumbiji. Sasa niambie wewe, mwanamke huyo aje kwenye msiba wetu kufanya nini?

Jibu nilikuwa nalo, na ndilo lililonikera. Alikuwa anakuja kwa sababu ni mtani wetu.

Ukoo wetu na ukoo wao wamezikana tangu enzi ambazo hata mjomba Melkizedek, anayejifanya anakumbuka kila kitu, hazikumbuki. Mtu wetu akifa, sisi tunakaa chini tunalia. Wao ndio wanaochimba, wanaopika, wanaovaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake. Na kabla jeneza halijashuka, mtani mmoja anaingia kaburini, analala chali, anagoma kutoka. Anasema pamemfaa, marehemu atafute pengine. Hatoki mpaka wafiwa wamkomboe kwa kuku, khanga, jembe, chochote kile. Wakifiwa wao, tunaolala ni sisi.

Tulipomzika mama yetu, aliyelala ni Costancia. Alijinyoosha mle ndani akasema, "Jamani, kitanda hiki kinashinda cha mume wangu, na hakuna anayekoroma." Magreti, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi, alicheka mpaka akakaa chini, kicheko kikageuka kilio, akalia yote. Tukamkomboa Costancia kwa jogoo. Alitoka anajipangusa udongo na kulalamika kwamba jogoo mwenyewe ni mzee kuliko marehemu.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Huwezi kujifanyia mwenyewe, kama usivyoweza kujinyoa kisogo.

Habari ya wale watu kwetu ilianzia redioni. Kuna vijana kaskazini ya Msumbiji wameingia msituni, wanachoma vijiji, wanachinja watu kwa panga na kusema wanamtumikia Mungu. Tukasema Mungu gani huyo, tukaendelea kupalilia. Halafu tukasikia watu wanavuka Ruvuma na watoto mgongoni. Halafu tukasikia wenye mapanga nao wamevuka. Pale Mikumi mabasi ya kwenda kusini yakaanza kusimamishwa, vijana wakishushwa na kuulizwa wanakwenda wapi na kwa nani. Mzee Shomari, muuza misumari na mabati pale Kilosa, mtu asiyekosa msiba wa Mkristo wala wa Mwislamu, akakuta wateja wanapita kando ya duka lake kwa sababu ya kofia tu aliyovaa. Kumbe kijana wetu aliyekwenda huko hakutoka msikitini kwa mzee Shomari. Alitoka kwenye kwaya ya vijana ya kanisa letu.

Yared alikuwa anaosha malori Mikumi. Madereva ndio waliomjaza habari za vito vyekundu, kwamba huko Msumbiji mtu anachimba asubuhi kwa mikono yake na jioni ni tajiri. Akapanda lori moja hapohapo Mikumi, akaenda. Alipiga simu kwa mama yake, akasema wanachimba. Akapiga tena, akasema wametimuliwa machimboni, wamepigwa, hana hata viatu. Halafu kimya. Wako wanaosema alitekwa, wako wanaosema alipewa chakula na bunduki kwa mkupuo mmoja, akapokea vyote. Mimi sijui, na aliyekueleza kwamba anajua anakudanganya.

Kisha ikaja video. Vijana wamesimama na bunduki, nyuso zimefunikwa, isipokuwa mmoja aliyekuwa anaongea Kiswahili, kitambaa amekishusha mpaka kidevuni. Jino lake la mbele lilikuwa nusu. Jino hilo tulijua lilikovunjikia. Lilivunjika kwenye baiskeli ya Cleopa, walipoteremka nayo mlimani wawili, na breki haina. Alikuwa anawaita vijana wenzake waende, na anasema askari wa Tanzania atakayemfuata atachinjwa kama mbuzi. Kijiji kizima kiliiona. Polisi walikuja wakamchukua Costancia, wakamhoji, wakamrudisha. Watu wakaacha kununua maharage yake. Wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na waliosema kwa sauti kubwa kuliko wote ni wale ambao watoto wao wako jela ya Morogoro kwa wizi.

Magreti alipooneshwa video ile alitazama mpaka mwisho, akarudisha simu kwa mwenyewe. "Amekonda," akasema.

Cleopa wakati huo alikuwa kambini. Baadaye yeye na wenzake wakapelekwa huko huko mpakani. Na siku moja mjomba Melkizedek alipigiwa simu na watu wa jeshi, akaja kwa dada akitembea polepole mno, na sisi tuliokuwa tunachambua mboga tukajua.

Hakuna ajuaye kama Yared alikuwepo pale Cleopa alipopigwa risasi. Mimi niliamua kwamba alikuwepo. Hasira inataka mtu, haitaki msitu.

Mwili ulikuja kwa barabara ya Songea, na tulikwenda kuupokea Mikumi. Tuliungoja ng'ambo ya pale wanapooshea malori. Magreti alikaa juu ya tofali akawatazama vijana wenye ndoo na brashi, suruali zimekunjwa mpaka magotini. Hakuwa amekula wala kulia tangu habari ije, na kuzungumza alikuwa anazungumza neno moja moja. "Hapa ndipo alipopandia," akasema. Nikamwambia hapana dada, Cleopa alipandia Kilosa, tulimsindikiza wote. Akanitazama kama mtu asiyenijua. Alikuwa anamsema Yared.

Gari la jeshi lilipofika tukalifuata, tukapita Ulaya, tukapita Kilosa mjini ambako bodaboda walizima pikipiki zao na kuvua kofia, tukafika Msowero giza likiingia. Turubai limeshafungwa. Mzee Leshan, mfugaji ambaye ng'ombe wake na mahindi yetu wameshatufikisha baraza la kata na kuturudisha, alikuwa amesimama mlangoni na beberu kwenye kamba. Alimpa mjomba ile kamba, akasema, "Poleni," akakaa na wanaume. Yeye nilimpokea vizuri.

Asubuhi ndipo mjomba aliponiita kando. Huyu ni kaka wa mama yetu, na kwetu sisi wajomba ndio wenye neno.

"Evance wa Magole amezima simu," akasema.

Evance ni wa ukoo ule ule wa watani. Alikuwa ameapa kwamba angekuja kulala yeye, ili Costancia abaki kwake. Wengine wa ukoo wao walikuwa wametuma pole kwa simu na kusema safari imewashinda. Hakuna safari iliyowashinda. Waliogopa askari, wasije wakaulizwa Yared ni nani yao.

"Basi azikwe bila mtani," nikasema. "Kasisi yupo, jeshi lipo, tarumbeta lipo. Nini kimepungua?"

"Kilio cha dada yako kimepungua."

"Mjomba, mimi huyo mwanamke akilala mle sitoi hata sindano kumkomboa. Na sidhani kama kuna atakayetoa."

"Unajua maana yake, Vaileth? Mtani asipokombolewa, utani umekufa. Hawatatuzika tena, na sisi hatutawazika."

"Ufe," nikasema.

Mjomba alikwenda akamfunga kuku mweupe miguu, akamweka chini ya kiti chake, tayari.

Mimi nikaenda kusimama penye migomba, njia ya kutokea bondeni, maana nilijua atapita hapo. Akaja. Jembe begani, sufuria kichwani, khanga amejifunga kibwebwe kama mtu aliyekuja kazini. Costancia amenizidi umri kwa mbali, tangu utoto wangu namwamkia kwa kupiga goti. Siku hiyo nilikaza magoti, nikakaza na mdomo. Shikamoo sikutoa.

Akanitupia jicho, akasubiri kidogo. "Marahaba," akasema.

Utani wake huo. Siku nyingine ningecheka.

"Rudi, Mama Yared," nikamwambia. "Huko kuna askari wenye bunduki, na watakujua."

"Askari wananijua. Nimelala kwao wakinihoji."

"Umekuja kufanya nini? Kutuonesha uso?"

Alitua sufuria chini. Uso wenyewe ulikuwa umebaki mifupa. "Vaileth, mimi nina mtoto huko. Leo au kesho atakufa, kwa risasi ya hawa au kwa panga la wale. Simtetei. Kama kuna jambo amefanya, amefanya. Lakini mtoto wangu akifa na hakuna mtani wa kumzika, atakuwa kitu gani? Mzoga?" Akashika mgomba. "Nisipomzika Cleopa, nani atamzika wangu?"

Yale maneno yangu yote niliyoyapanga toka alfajiri, sikuyaona yalikokwenda. Nilikuwa bado na hasira, usinielewe vibaya. Nilisogea kwa sababu alibeba sufuria lake akapita, na mimi sikuweza kumshika mtu mzima mkono.

Makaburi yetu yako juu kidogo ya nyumba, unaona reli mpaka mbali. Askari walikuwa wamepanga mstari, jeneza limefunikwa bendera. Kasisi alikuwa ameshafungua kitabu Costancia alipowapita, akavua kandambili, akakaa ukingoni mwa kaburi na kujishusha ndani.

"Nani huyo?" akauliza afande mkubwa wao.

"Mtani, afande," akasema mjomba.

Afande alikuwa Mtanzania kama sisi, utani anaujua. Akatikisa kichwa kukubali. Lakini nyuma yake watu wakaanza kunong'onezana, na minong'ono ikafika kwenye mstari wa askari. Niliona shingo zinageuka moja baada ya nyingine.

Costancia alijilaza chali. Akaweka mikono kichwani kama anayepumzika.

"Afande," akaanza. "Afande, hapa pamenifaa. Huyo kijana wenu ni mwembamba, mtafutieni kitanda cha kambini. Nilimwambia kula ugali, akaniambia anataka kuwa na kiuno cha gwaride."

Kweli Cleopa alikuwa na kiuno cha gwaride. Siku nyingine kijiji kingeanguka kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. Nilimsikia kuku wa mjomba akihangaika na kamba yake.

"Nikomboeni basi," akasema Costancia.

Mjomba alimshika kuku, akamtazama Magreti, kwa sababu mama wa marehemu asipokubali, kuku ni bure. Magreti alikuwa amekaa mkekani, macho kwenye bendera, kama vile yote yale yanatendeka kijiji kingine.

"Nikomboeni, jamani."

Nilimtazama kila mtu wa ukoo wetu na kila mtu alitazama chini. Sikupenda nilivyojisikia. Nilikuwa nimepata nilichotaka.

"Mfukieni humo humo," akasema askari mmoja, kijana, mkono wake umefungwa bandeji mpaka kiwikoni. Alikuwa na Cleopa siku ile. Afande akamkemea kwa jina, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mle shimoni lilisikika.

Costancia alitoa mikono kichwani, akaikunja kifuani. Hakuwa anafanya utani tena.

"Basi fukieni," akasema. "Anayejua nitoke niende wapi aniambie."

Magreti akasimama.

Alivyosimama, khanga ya begani ikamdondoka, asiiokote. Akatembea mpaka ukingoni akamtazama mtani wake aliyelala chini. Mjomba akamnyooshea kuku. Magreti akampita. Akainama kwenye lile rundo la udongo mbichi, akajaza kiganja, akarudi.

Nikamwita, "Dada!" Sijui nilidhani atafanya nini. Kasisi naye alisogea hatua.

Magreti akamwaga udongo ule juu ya kifua cha Costancia.

"Udongo kwa udongo," akasema. Yalikuwa maneno ya kitabu cha kasisi, ila kasisi huyasema kwa upole. Akainama tena, akachota, akamwaga juu ya tumbo. "Majivu kwa majivu." Akachota tena, na mara hii mwingi ulimwangukia Costancia usoni. "Mavumbi kwa mavumbi."

Costancia hakujipangusa. Alikuwa amemkodolea macho.

"Huu ni wa Yared," akasema Magreti. "Nilimtoa miiba, nilimwogesha beseni moja na wangu. Leo nimemzika. Umesikia, Costa? Umekuja nimzike, nimemzika, mbele ya kasisi na mbele ya jeshi. Huna tena mtoto huko. Hakuna tena mtoto wako anayemuua mtoto wa mtu." Akavuta pumzi. "Nimekukomboa. Sasa toka, nimzike wangu."

Nimekaa kwenye misiba mingi. Kilio alichokitoa Costancia sijapata kukisikia. Kilianzia chini ya ardhi hasa, ni kilio cha mfiwa, na mtoto wake alikuwa mzima kwa kadiri tulivyojua, pengine saa ile ile alikuwa anakula, pengine anachoma nyumba ya mtu. Magreti alipiga magoti pale ukingoni, akamnyooshea mkono kumtoa, na alipomshika, chozi lake nalo likatoka, lile lililokuwa limekataa. Walilia wamekamatana, mmoja juu, mmoja chini, mpaka mimi na Mzee Leshan tukaenda kuwavuta.

"Amekombolewa," akasema mjomba kwa sauti ya watu wote wasikie. Hakuna aliyebisha. Yule askari mwenye bandeji alikuwa amegeuza uso, anatazama reli.

Tarumbeta likalia, Cleopa akashuka.

Matanga yalipoisha, sisi wafiwa tulinyoa nywele, ndiyo desturi. Mtani hanyoi kwenye msiba wa mwenzake; yeye anapika na kucheka vipara. Costancia alikuja akakaa kwenye foleni nyuma ya Magreti, akainamisha kichwa. Aliyekuwa na wembe alimtazama mjomba, mjomba akasema, "Mnyoe." Nikaokota nywele zake pamoja na za dada, nikazifukia.

Tangu hapo watu walirudi kununua maharage yake. Polepole, lakini walirudi. Huwezi kumsusa mama aliyezika.

Mwezi uliopita nilikuwa naye sokoni Kilosa, amepanga magunia yake, nami nauza nyanya pembeni. Simu yake ikaita. Ilikuwa juu ya gunia katikati yetu, na mimi macho yangu hayana adabu kama mdomo wangu. Namba ilianza na tarakimu za Msumbiji. Tunazijua wote sasa, hata watoto wanazijua.

Nikaona mkono wake unakwenda, ukasimama.

"Shangazi," nikamwambia, maana tangu siku ile nimerudi kumwita hivyo kama zamani, "si ni yeye?"

"Yeye nani?"

"Pokea. Nitaangalia pembeni."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Yared tulimzika, Vaileth. Na wewe ulikuwepo. Si wewe uliyenishika mkono kunitoa?"

Simu ikanyamaza. Nikapumua. Ikaita tena. Mteja akasimama mbele yetu akauliza bei ya maharage ya njano, Costancia akamtajia, akaichukua simu akaisukuma chini ya gunia tupu alilotandika, akalikalia. Iliita kwa muda mrefu mno. Naye akaendelea kumpimia yule mama maharage, akamwongezea kiganja cha juu, kama anavyofanya siku zote.